Bernado Masatu, Mtunza Majina Thelathini na Moja (1946–1996)

Wasifu unasomwa na Florian, mdogo wake wa tumbo moja, nyumbani kwa marehemu, Kabasa, Bunda, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996.

Baba Paroko, wazee, akina mama, ndugu na majirani. Wasifu huu umechapwa, karatasi ziko kwa Getruda, binti wa marehemu, ndani ya kapu, na zitagawiwa nikishamaliza kusoma. Nimeagiza mwenyewe. Nawajua watu wa Bunda, mkipewa karatasi mnaanzia mwisho. Na huo mwisho ndio uliowaleta wengine wenu. Wapo hapa watu ambao kaka yangu ameumwa miezi mitatu hawakumletea hata ndizi moja, leo wamewahi viti vya mbele. Wanataka kujua liko wapi kopo lenye karatasi ya majina. Wengine hata hawajakaa. Wamesimama getini tangu saa mbili asubuhi, chai wamekataa, maji wamekataa. Nawaona, na wao wananiona. Kopo tutalifikia. Kwanza tumzungumze mtu.

Marehemu Bernado Masatu alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 kwenye rasi ya Majita, Musoma, mtoto wa kwanza wa mzee Boniphace na mama Dorotea, watu wa nyavu na mihogo. Bernado ni jina la ubatizo. Masatu ni la babu yetu, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Desturi yetu mnaijua: mtu anazikwa, jina lake linabaki juu, linapewa mtoto. Hilo naomba mlishike, litarudi.

Mimi nilimfuata baada ya miaka sita. Nikiwa mdogo nilikula furu, visamaki vya ziwani, wote ambao mama alikuwa amewaanika juu ya jiwe, akauliza nani kala. Bernado akasema ni paka. Hatukuwa na paka. Alichapwa yeye, na mimi nilikaa pembeni na tumbo langu limejaa, naangalia. Wakati ule niliona ni hadithi ya kuchekesha, na nimeisimulia kwenye harusi nyingi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama matuta ya pamba. Mimi nilimaliza darasa la tatu. Kuna wanaosema niliacha, lakini mimi nasema nilielewa haraka. Mpaka leo hakuna fundi baiskeli kati ya hapa na Musoma anayenifikia, na wenye digrii wanasukumaga zao mpaka kwangu huku wanatoka jasho.

Mwaka 1964 marehemu alipata kazi ya karani wa mizani kwenye ushirika wa pamba hapa Bunda. Alikuwa hapunji. Msimu wa pamba ulikuwa unakuta mizani mbili ziko wazi na wakulima wote wamepanga foleni kwa Bernado, jua linawapiga, hawahami. Ushirika ulipovunjwa mwaka 1976 alibaki hana kazi, akawa anafundisha watu wazima kusoma. Mzee akishajua kuandika jina lake, Bernado alikuwa anashangilia kimoyomoyo, midomo imefungwa. Kila kitu alifanyaga na midomo imefungwa.

Tarehe 18 Julai 1970 alifunga ndoa hapa Bunda na Hyasinta, shemeji yangu huyu mnayemwona. Siku ile nilisimama nikawatangazia watu kwamba bwana harusi hana maneno, kwa hiyo bibi harusi ajiandae kuzungumza na ukuta. Shemeji akanijibu palepale, na shela kichwani, "Afadhali ukuta, shemeji. Wewe ni dirisha lisilofungika." Watu walicheka sana, na mimi niliwapita wote kwa kucheka. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa nafika kwenye kazi iliyomfanya awe mnavyomjua. Januari 1981 alikuja Bunda Daktari Kudura Muharami, mama wa pwani, mwalimu wa chuo kikuu. Hakuwa daktari wa sindano, alikuwa wa kuchunguza maisha ya watu, wanavyooa, wanavyozika, wanavyoishi. Alikuja na baiskeli, mashine ya tepu, madaftari mengi na kibali chenye mihuri. Mwezi wa kwanza mzima hakuuliza mtu kitu. Alichota maji, alichuma pamba, alikaa kwenye misiba. Nilimwambia, "Mama, serikali inakulipa ili upalilie shamba la mzee wa watu?" Akasema, "Florian, nikianza kuuliza kabla hamjanizoea, mtanijibu kama mnavyomjibu bwana afya."

Alihitaji mtu wa kumtafsiria lugha za nyumbani na kumfikisha kwa watu, akamchukua Bernado. Kila alipokaa na mtu, kabla tepu haijawashwa, marehemu alikuwa anasema maneno yaleyale: "Kabla hujaanza, jua kwamba unaweza kunyamaza. Ukisema, jina lako hatuliandiki. Ukijuta kesho, njoo, tutafuta." Alimwambia kila mtu, hata vikongwe waliokwisha kusinzia. Mzee mmoja wa Butiama alimjibu, "Wewe kijana, mbona unaniaga na sijakukaribisha?"

Watu waliosema walifika thelathini na moja. Kila mmoja alipewa namba na jina la bandia. Karatasi moja tu ndiyo ilikuwa inaonyesha jina gani la bandia ni la mtu gani wa kweli. Daktari aliondoka na madaftari na tepu kwenda Dar es Salaam, karatasi ikabaki huku kwa Bernado kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, ili mwizi akiiba kimoja asipate vyote viwili. Walikuwa waangalifu, nataka mlijue hilo. Haya mambo hayakuletwa na watu wazembe.

Majina ya bandia alichagua Bernado. Alikwenda makaburini misheni na penseli, akayasoma kwenye misalaba ya zamani, akayanakili. Daktari akamuuliza, "Hawa ni nani?" Akajibu, "Wamekufa siku nyingi, Daktari. Aliyekufa hakamatwi." Daktari ni mtu wa pwani, asingejua. Lakini kaka yangu, Masatu mjukuu wa Masatu, alikuwa amelibeba jina la marehemu tangu siku saba za kuzaliwa kwake, na siku ile pale misalabani hakulikumbuka.

Vijana wa siku hizi hamjui miaka ile. Sabuni hakuna, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Sukari mpaka kibali. Kitu kikionekana dukani, foleni inaanza kabla mwenye duka hajaamka. Vitu vilikuwa vinavuka ziwa kwa magendo kutoka Kenya, na huko Butiama mzee Keraryo alikuwa amepata pa kuvificha. Alichimba kaburi nyuma ya nyumba yake, chini ya jiwe lenye vichwa viwili, akatangaza kwamba ni la mtoto wa ndugu yake aliyezama ziwani, watu wakampa pole. Hakukuwa na mtu mle. Kulikuwa na maboksi ya sabuni, mafuta ya kupikia na betri za redio. Mbeba mizigo wake, aliyekuwa anavipokea ufukweni Musoma na kuvipakia kwenye baiskeli mpaka kwenye lile shimo, ndiye aliyemweleza Daktari kila kitu mbele ya tepu, na jiwe na vichwa vyake viwili. Kwenye karatasi alikuwa mtu wa kumi na nne. Jina la bandia alilopewa ni Machage.

Novemba 1982 ripoti ilitoka, kurasa tisini. Kibali kilikuwa kinataka nakala moja ibaki chuoni na nyingine iletwe kwenye ofisi moja huku mkoani, na Daktari akaileta, kwa sababu ndiyo masharti. Jina la Keraryo halikuwemo, wala la kijiji. Majina ya watu waliyabadilisha yote. Lile jiwe hawakulibadilisha.

Aprili 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, na machepe. Mama Marieta, mke wa Keraryo, ambaye leo amekaa hapa mbele na kanga yake nyeusi, alisimama mlangoni akawauliza, "Mkishafukua kaburi, mtalifukia na nini?" Walitoa maboksi arobaini, wakamchukua na mzee. Alikufa kwa kuhara akiwa bado anashikiliwa, tarehe 9 Agosti mwaka uleule. Maiti ilivyorudishwa hakuna aliyetaka kuchimba shimo lingine. Wakamlaza mle mle. Akina mama walisema shimo lilikuwa linamsubiri tangu siku lilipochimbwa, na mimi, ambaye nacheka kila kitu, siku ile nilirudi Bunda nimekanyaga baiskeli bila kupumzika hata mara moja.

Hayakuishia hapo. Karani mmoja aliyeiona ripoti aliwanong'oneza watoto wa Keraryo kwamba aliyesema anaitwa Machage. Na Machage alikuwepo, mzima, hapo Manyamanyama, muuza ngozi, mjukuu wa yule Machage wa msalabani, na alikuwa ananunuaga ngozi nyumbani kwa Keraryo. Tarehe 2 Februari 1984, saa sita mchana, walichoma nyumba yake na mbuzi wakiwa ndani. Yeye na mkewe walikimbilia Musoma, yeye na kiatu kimoja. Machage hakuwa amewahi kuiona tepu kwa macho yake.

Siku ya pili yake Bernado alitoka hapa kwa miguu akaenda Butiama, akawaambia watoto wa Keraryo, "Machage wa kwenye ripoti si huyu. Hilo jina nimeliokota makaburini mimi."

Mkubwa wao, Gati, akamuuliza, "Basi nani?"

"Maneno ni yangu. Niandikeni mimi."

"Wewe karani, hujawahi kubeba hata mche mmoja wa sabuni. Mikono yako ona ilivyo laini. Tutajie mtu."

"Nilimwahidi."

Walimvunja mguu wa kulia kwa mpini wa shoka. Wangeendelea, ila mama Marieta alitoka ndani akasema, "Mguu mmoja unatosha, na yeye ana mama." Gati akamwambia kaka yangu, akiwa amelala chini, "Siku hiyo karatasi itakapoonekana, tutakuja kuisoma." Kwa hiyo wale mnaojiuliza kwa nini kuna watu getini hawataki chai, ni hao. Gati ni yule mwenye koti.

Machage waliacha kumtafuta, lakini hawakumwomba radhi, na watu waliendelea kusema lisemwalo lipo. Ngozi zake hakuna aliyenunua tena.

Daktari Kudura alirudi Juni 1984. Alikaa mkekani kwenye chumba hiki hapa nyuma yangu, akalia mpaka shemeji Hyasinta akamletea maji. Akasema, "Ichome hiyo karatasi, Bernado. Ichome leo." Bernado akakataa. Alisema, "Nikiichoma, Machage anabaki hana shahidi." Daktari akasema basi aseme ukweli, yeye Daktari atauandika gazetini kwa jina lake mwenyewe. Bernado akakataa tena. "Ukweli si wa kwangu. Ni wa mtu wa kumi na nne. Ruhusa anayo yeye." Nilimsikia Daktari akimuuliza, "Na asipoitoa?" Juzi Daktari ameleta simu ya maandishi yenye maneno manne: NAWALILIA WOTE. SISTAHILI KUJA.

Mguu uliunga vibaya. Akawa anatembea moja, kimya, moja, kimya, na mimi nikampa jina Saa Mbovu, na mji mzima ukalidaka, mnakumbuka. Mimi ndiye nililianzisha. Baadaye mambo yalifunguliwa, biashara ikawa huria, na mwaka 1986 sabuni ileile ikawa inamwagwa chini sokoni, mche juu ya mche, muuzaji anakuita yeye. Saa Mbovu alikuwa anapita hapo, anasimama, anaziangalia, haulizi bei. Shemeji alinunua. Yeye alioga kwa maji matupu mpaka mwaka huu.

Miaka hii ya tisini ikaja miradi, magari meupe, vijana na madodoso yao, wote wakimtafuta mzoefu. Alikataa kazi zote. Lakini wakimkalisha jirani na kuanza kumuuliza, Bernado alikuwa anajisogeza mpaka kwenye michongoma, anasema kwa sauti ya kawaida, "Mama Fulani, unaweza kunyamaza." Kijana mmoja wa mradi alimwambia, "Mzee, unatuharibia kazi." Akasema, "Ndiyo."

Juni mwaka huu mguu ulivimba, kidonda kikafunguka palepale ulipovunjikia. Alitibiwa hapa Bunda wiki saba, akaomba arudi nyumbani. Tarehe 10 Septemba mchana alimwambia Boniphace, mwanawe, atoke nje, tukabaki wawili. Akavuta kopo chini ya kitanda kwa mguu wake mzima, akanipa. Nikamwambia, "Kaka, mimi unanijua. Unampa mbwa akulindie nyama." Akasema, "Usomwe mstari mmoja tu, au usisomwe hata huo. Bado unaweza kunyamaza." Alifariki kesho yake, Jumatano, saa nne asubuhi, shemeji akiwa anamfuta uso.

Sasa. Mtu wa kumi na nne ni mimi.

Mimi ndiye niliyebeba sabuni ya Keraryo kwa baiskeli miezi saba, maboksi manne kwa mpigo, na hakuna aliyeweza matatu. Mimi ndiye nililieleza lile jiwe. Hakuna aliyenibana, na kaka alinisomea maneno yake kama alivyomsomea kila mtu, kwamba naweza kunyamaza. Lakini palikuwa na mama wa chuo kikuu ananisikiliza mimi wa darasa la tatu, kalamu mkononi, anaandika ninachosema. Nilitaka aandike zaidi. Jioni ile ya tarehe 2 Februari, moshi wa Manyamanyama bado unaonekana, Bernado alinikuta kwenye gereji yangu.

"Ulimwambia mtu mwingine kaburi lile?"

"Hapana. Daktari tu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Ila niliomba nijisikie kwenye tepu, tukairudia mara tatu."

Hakucheka. Akasema, "Machage amechomewa nyumba. Nipe ruhusa nikutaje."

Nikamwambia, "Kaka, nina watoto wadogo."

Akasema, "Sawa." Asubuhi akaenda Butiama. Kwa miaka kumi na miwili kila Jumapili baada ya misa alikuwa ananitazama mara moja tu, ananisubiri, na mimi nilikuwa natoa kichekesho. Wengine mmevicheka hapo nje ya kanisa. Vile vichekesho vyote vilikuwa jibu la hapana.

Kuhusu kopo. Karatasi niliifunika kwa kitambaa juu na chini, nikaukata mstari wa kumi na nne kwa mkasi wa Getruda. Mistari mingine thelathini sikuiona, na mnaojua mdomo wangu mmshukuru Mungu. Mstari wangu, kwa mwandiko wa marehemu, amepewa Bwana Machage, aliyekaa pale karibu na masufuria. Bwana Machage, hiyo ndiyo shahada yako. Imechelewa, na nyumba haikurudishii. Iliyobaki imo ndani ya kopo, na kopo nimeliweka mwenyewe kwenye jeneza, upande wa mguu wa kulia. Wale mliokuja kuhakikisha siri zenu ziko salama, ziko salama, nendeni mkale. Na anayezitaka, machepe yapo. Mama Marieta ameshawahi kuwauliza waliofukua kaburi swali moja, alikumbuke kabla hajaanza.

Marehemu ameacha mjane, Hyasinta. Watoto wanne, Getruda na Boniphace wakiwa wakubwa. Wajukuu watano, na mmoja wao ameitwa Masatu jana jioni kwa uamuzi wa ukoo. Ameacha pia mdogo mmoja, hilo mtalihakiki kesho.

Nikimaliza mstari wa mwisho nitaikunja karatasi, nitampa mkono shemeji, halafu nitatembea mpaka pale getini. Boniphace, shika viatu vya baba yako, usinifuate. Mtu asinifuate. Padri aendelee na ibada.

Kaka, lala. Amani iliyokupita juu ya ardhi uikute huko chini, na mguu wako unyooke.